Bogenvilia ya dola kumi na mbili kwenye barza yangu ya Katindo

Nianze na bogenvilia ya kwanza, ile iliyokufa. Bila hiyo hamtaelewa kwa nini ninamsifu muuzaji wa miche ambaye simu yake haishikiki, aliyeahidi kuja baada ya mwezi akaja baada ya miezi minne, na aliyeniuzia rangi nisiyoiomba.

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko barzani, hapa Katindo, Goma, na wateja hukaa hapo hapo kwenye benchi wakingoja blauzi zao za libaya. Nyumba ni ya mbao, imekaa juu ya mawe meusi ya volkano kama nyumba nyingi za mji huu. Mbele yake hakuna udongo, ni mawe tu na vumbi jeusi linaloingia mpaka kwenye bobini. Kwa miaka mingi nilitamani kitu cha kupanda nguzo na kuleta rangi, kwa sababu mteja anayengoja huku akiangalia mawe hukasirika upesi kuliko anayeangalia maua. Hilo nina hakika nalo, nimewangojesha wengi.

Mwishoni mwa 2023 nikaingia duka moja la mjini, lenye vioo na kapeti. Jina silitaji. Bogenvilia ilikuwa juu ya meza, katika chungu cheupe kinachong'aa, imejaa maua ya waridi hadi majani hayaonekani. Dola 35. Sikupunguziwa hata moja, waliniambia bei imeshaandikwa. Nikapanda nayo pikipiki, nimeikumbatia kama mtoto mwenye homa, motari akienda polepole kwa amri yangu. Siku nane baadaye barza ilikuwa imejaa vipande vya waridi na juu zimebaki fimbo. Nikasema imechoka na safari, nikaimwagilia. Haikuchangamka, nikaimwagilia zaidi. Wiki ya sita niliivuta, ikatoka yote mkononi bila ubishi, kama pini inavyotoka kwenye kitambaa. Kumbe lilikuwa tawi lililokatwa na kuchomekwa, na chini yake nyuzi tatu nne za mizizi, zimeoza. Chungu hakikuwa na tundu hata moja. Maji yote niliyokuwa nikiyatia kwa huruma yalikuwa yamekaa chini yakinuka.

Niliporudi dukani niliambiwa, kwa upole mwingi, kwamba maua ni kama mtoto, yanategemea mlezi. Nimelea watoto watano, na wawili kati yao si wa tumbo langu. Nilitoka bila kujibu. Chungu kile ninawekea vifungo mpaka leo. Kwa vifungo hakina kosa.

Sasa kitalu chenyewe. Hakina kibao. Ni kipande cha kiwanja kando ya barabara ya kwenda Kyeshero, chini ya miti, miche imepangwa kwenye sashe, vifuko vyeusi vya plastiki, juu ya mawe, nyuma kuna mapipa ya maji ya mvua. Sisi huku tunaita pepinieri. Mwenyewe ni mama wa makamo, anavaa buti za mpira hata siku ya jua, na ana daftari la shule anamoandika nani kanunua nini. Nilifika Machi 2024, mvua zikianza kukaza, na nilikwenda moja kwa moja kwenye zile zilizochanua.

“Mama, ngoja kwanza,” akaniambia. “Kwako jua inafikaka saa ngapi?”

Nikamwambia jua ni jua, linafika asubuhi. Akacheka. Akaniuliza barza inaangalia wapi, upande wa ziwa au upande wa mlima. Akauliza kama mabati yanapita nje ya nguzo. Akauliza kama kuna watoto wanaopita mbio, na kama jirani ana mbuzi. Bei bado hatujaigusa. Mimi mwenyewe mteja akiniletea kitambaa, kabla ya kutaja bei humuuliza sherehe ni ya mchana au ya usiku, na kama siku hiyo atacheza au atakaa kwenye kiti cha wakubwa. Kwa hiyo huyu mama nilimwelewa pale pale. Ila alichofanya baadaye kilinishangaza: alinirudisha nyumbani mikono mitupu.

“Enda uangalie jua siku moja tu. Inaingia saa ngapi, inatoka saa ngapi, kila fasi. Kesho ukuje.”

Ninafanya biashara mwaka wa ishirini na mbili huu. Sijawahi kuona mtu akimfukuza mteja mwenye dola mkononi.

Kesho yake sikwenda. Nilichukua chaki ya kushonea, na kila jua lilipohama nikachora mstari sakafuni na kuandika saa. Pale karibu na mlango, nilipokuwa nimepanga kuweka chungu, jua lilikaa muda wa saa mbili tu. Katikati ya barza lilitoka saa nne na nusu. Kwenye nguzo ya mwisho, ile ya pembeni ambayo hakuna anayeitazama, liliingia saa moja na nusu asubuhi na kuondoka karibu saa nane mchana. Zaidi ya saa sita nzima. Watoto walidhani ninakata suruali ya jitu.

“Saa sita ni sawa,” mama akasema niliporudi na hesabu yangu. “Chini ya ile itakupatia majani, maua itakunyima.”

Na yale maua niliyoyatamani alikataa kuniuzia. Aliinua ule mche uliochanua, akaubonyeza sashe kwa vidole viwili, udongo ukabonyea kama mkate. “Hii iko na maua mingi, lakini mizizi yake ingali mtoto. Ukiihamisha, itaangusha yote.” Akaniletea mwingine kutoka nyuma, mrefu kama mkono wangu, majani matupu, umepinda, hata mbuzi asingeugeukia. Akaugeuza chini juu. Kwenye matundu ya sashe mizizi ilikuwa inachungulia, myeupe, imeshikamana. “Hii iko na nyumba tayari.” Nikamwambia ninataka nyekundu. Akasema hii ni nyekundu, akaandika kwenye daftari: nyekundu. Dola 12.

Juu ya hapo dola mbili kwa kiroba cha samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, isiyonuka, na dola moja kwa changarawe ya lava. Hii dola moja ndiyo peke yake inayoniuma. Mwezi wa kwanza 2002 Nyiragongo ilishusha lava mpaka katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani. Sisi sote tunalala juu ya lava, tunafulia juu ya lava, tunazikana ndani ya lava, halafu mimi ninainunua kwa kiroba! Mama akanionyesha tofauti: yake imepondwa na kuchekechwa, punje kama za mahindi, zina vitundu vitundu ndani. Maji yanapita, hewa inabaki. Sawa. Nililipa, lakini mara ya pili niliwapa watoto nyundo.

Usafiri wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, elfu nne faranga. Kijana alilalamika njia nzima kwamba mti wangu unamchoma shingo.

Kupanda ni jambo ambalo mama alinieleza mara tatu, na mara ya tatu akanifanya nimrudishie maneno kama mwanafunzi. Chombo: si chungu kikubwa. Alisema bogenvilia ukiipa nyumba kubwa italala, itajaza kwanza mizizi na majani, maua yatakuja siku ikijisikia. Nilichukua bidoni, yaani dumu, ya njano ya lita ishirini, nikakata juu, nikatoboa chini matundu sita kwa msumari wa moto, nikaiinua juu ya vipande viwili vya jiwe ili maji yasikwame. Kwa kuwa siwezi kuvumilia bidoni ya njano mbele ya wateja, niliishonea gauni la turubai la kijani. Mwanzoni ilikuwa ni urembo tu. Baadaye nikaona lina kazi, maana plastiki ikipigwa na jua inachemsha mizizi.

Udongo: makopo mawili ya udongo mweusi, ule unaoteremshwa kutoka upande wa Kibumba, kopo moja la changarawe, kopo moja la samadi. Sashe haivutwi, inapasuliwa kwa wembe kutoka juu hadi chini, kisha mche unashushwa na udongo wake wote bila kukung'utwa. Huwezi kuamini kwamba mti wenye miiba ya namna ile una mizizi inayokatika kama uzi mbovu, lakini ndivyo ulivyo. Watu wengi huua bogenvilia siku ile ile ya kuipanda na kuja kujua baada ya mwezi.

Kuna kosa dogo nililofanya hapa, na muuzaji hana hatia. Nilidhani itapanda nguzo yenyewe, kama maharage au marakuja, yaani pasheni. Nikaiacha ikajimwaga sakafuni wiki nne. Bogenvilia haina vikono vya kujishikia, wala haijisokoti. Huko porini huegemea miti mingine na kujikwamisha kwa miiba yake, basi. Ukiitaka ipande lazima uifunge, kila tawi, kila mara. Fito nilizipata kwa fundi wa mbao, waya kwa jirani, na kamba nilikuwa nazo gunia zima: vipande vya vikwembe, yaani vitenge. Ndiyo kamba bora kuliko zote, wala haikati ganda la tawi kama waya au nailoni. Funga kwa nafasi ya kidole, kwa sababu tawi linanenepa. Nguzo yangu sasa ina historia ya kila harusi niliyoishonea tangu 2024, wateja wanatambua vitambaa vyao na kuonyeshana.

Mwezi wa nne, wa tano, wa sita: majani. Hapo nilimpigia mama simu. Haikushikwa. Niliipiga mara kumi na moja kwa wiki mbili. Nikatuma mtoto, akakutana na kijana anayesaidia pale, na kijana akamuuzia kiroba cha samadi ya kuku na kumwambia “ongeza chakula”. Nikaongeza. Bogenvilia yangu ikafanya majani mapana kama kiganja, kijani cheusi, matawi yakaruka juu ya mabati yakaanza kuelekea kwa jirani, lakini ua hakuna.

Mwezi wa saba mama akatokea mlangoni, na buti zake, bila kusema habari ya simu. Alitazama mti, akatazama kiroba, akafunga macho.

“Mama, umeilisha kama iko kwenye harusi.”

Samadi ya kuku ina nguvu mno, na nguvu yake kubwa ni ya majani. Alisema niache kulisha kabisa, nikate kila tawi thuluthi moja, na nimwagilie pale tu majani yatakapoanza kulegea kidogo. Sikupenda hilo la mwisho. Niliwahi kuua moja kwa maji, sasa niue nyingine kwa kiu? Lakini bogenvilia kweli imeumbwa hivyo. Kwao ni Amerika ya Kusini, Brazili na nchi jirani, na hata huko hustahimili ukame. Inapojiona imeshiba na mvua haikati, haina haraka ya kuchanua. Ikionja kiu kidogo inakumbuka kazi yake. Na maua hutoka kwenye matawi mapya, ndiyo maana ya kukata: tawi la zamani limeshasema yake.

Kukata kwenyewe kulileta vita nyumbani. Kijana wangu wa tatu, kwa nia njema, alitumia mkasi wangu. Mkasi wa kitambaa! Ule ambao hata karatasi haujawahi kuigusa. Nilimkuta amefika tawi la nne. Sitaandika nilichosema. Nunueni mkasi wa bustani, dola tano sokoni Virunga, na glavu nzito, kwa maana mwiba wake ukiingia kidole kinavimba siku mbili na huwezi kushika sindano.

Kiangazi kilikuwa kinaendelea. Mwisho wa mwezi wa nane, asubuhi moja ninatoa kifuniko cha cherehani, nikaona kwenye ncha za matawi mapya vitu vidogo kama bahasha zilizofungwa. Wiki moja baadaye zilifunguka. Zambarau. Zambarau kali, ya askofu! Nikakaa chini nikacheka peke yangu.

Na hapa niwaambie jambo ambalo sikulijua mpaka nilipolitazama kwa karibu kwa jicho la mshonaji. Hiyo rangi si ua. Ni majani. Majani matatu membamba kama karatasi ya krepu, yana hata mishipa ya jani, na ndani ya kila moja kuna kitu chembamba chenye nyota ndogo nyeupe mdomoni: hilo ndilo ua. Yaani ua lenyewe ni kifungo, hayo mengine yote ni gauni. Binti ya dada yangu, anayesoma sana, ndiye aliyenieleza na habari ya jina. Bougainville alikuwa Mfaransa aliyeizunguka dunia kwa meli, safari ya 1766 hadi 1769. Mtaalamu wa mimea wa safari ile, Commerson, aliukuta mti huu Brazili mwaka 1767, akaupa jina la mkubwa wake. Lakini msaidizi aliyembebea mizigo na kukusanya naye mimea alikuwa mwanamke, Jeanne Baret, aliyekuwa amevaa nguo za kiume ili apande meli, kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa. Commerson wakati ule alikuwa mgonjwa wa mguu, na wapo wengi wanaoamini kwamba aliyeuona mti huo na kukata tawi lake ni huyo Baret. Baret ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia, na mti ukaitwa kwa jina la kapteni. Wateja wangu wakisikia hiyo hadithi hawashangai hata kidogo. Mmoja, mama anayeuza samaki wa sambaza sokoni Kituku, alisema tu: “Na mizigo alibeba yeye.”

Kuhusu rangi nilirudi kitaluni na tawi mkononi. Mama alifungua daftari, akasoma “nyekundu”, akatazama tawi, akatazama daftari. Hakuniambia habari ya mlezi. Alisema: “Nilikosea, mama. Sashe zilichanganyika.” Akaandika chini ya jina langu kwamba mche wa pili nitalipa nusu. Tayari nilikuwa nimeshaipenda zambarau, lakini sikumwambia, biashara ni biashara.

Mvua za mwezi wa tisa ziliporudi ndipo nilipoelewa kwa nini aliniuliza habari ya mabati. Nguzo ya mwisho iko hasa pale ukingo wa paa unapomwaga maji. Kila mvua bidoni ilipigwa kama iko chini ya bomba. Majani ya chini yakawa ya njano, yakaanguka mengi, na udongo ukanuka ule mnuko ninaoujua kutoka kwenye chungu cheupe. Nilisogeza bidoni ndani shubiri mbili, chini ya paa, matawi yakabaki nje juani. Ndani ya mwezi ikapona. Kwa hiyo mvua ya mbinguni haiigusi mizizi yangu hata tone, mimi ndiye mvua. Lita mbili au tatu, polepole mpaka maji yatokee chini, kisha siwezi kuirudia kabla ya siku tano, sita. Kidole kikiingia mpaka fundo la pili na kukuta unyevu, ninaondoka.

Maji gani, hilo pia lina maana kwetu. Maji ya Ziwa Kivu yana magadi, si maji matamu ya mto, na bogenvilia hupenda udongo wenye uchachu kidogo. Nilipotumia bidoni za ziwa peke yake kwa miezi miwili, majani mapya yalitoka na rangi ya ndimu huku mishipa ikibaki kijani, kama yamechorwa. Mama mkwe akaongeza majivu ya makaa, dawa yake ya kila kitu kuanzia jino hadi ndizi, na hali ikazidi kuwa mbaya maana majivu nayo ni magadi tupu. Sasa ninakinga maji ya paa kwenye pipa. Maji ya ziwa ni ya kuoga.

Wadudu siwezi kusema wamenisumbua. Mara mbili vidukari kwenye ncha changa, mara moja wale weupe kama pamba kwenye makwapa ya matawi. Maji na sabuni ya kufulia, kitambaa, jioni jua likishaondoka, siku tatu mfululizo. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwa foleni, jua kuna vidukari juu wanakamuliwa.

Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 vita viliingia mjini, mnajua mji ulipitia nini, sina haja ya kusimulia. Sisi tulikuwa ndani, sakafuni, mbali na madirisha, siku nyingi. Umeme hakuna, maji hakuna. Kilichokuwa kwenye pipa kilikuwa cha kunywa na cha watoto. Nilipotoka barzani kwa mara ya kwanza kuangalia cherehani, bogenvilia ilikuwa imelegea yote, majani yamejikunja, mengi yako chini. Sikuitilia maji siku hiyo, hayakuwepo. Nilianza tena baadaye, kikombe kwa kikombe, maji niliyooshea mchele. Katikati ya mwezi wa tatu ilichanua namna ambayo haikuwahi kuchanua kabla yake wala baadaye. Hakukuwa na mteja wa kuiona. Nilikaa nikashona mito, kwa sababu ndicho kitambaa nilichokuwa nacho.

Lalamiko langu kubwa kuhusu mti huu ni la mwezi wa tano mwaka huo huo, na ningependa mama wa kitalu aliseme kwa kila mteja badala ya kuuliza habari za mbuzi tu. Bibi harusi alikuja kujaribu nguo yake, dantela, yaani lesi, nyeupe, mita sita, mkia mrefu. Aligeuka kujitazama kwenye kioo, mkia ukapita karibu na nguzo, na tawi moja nililochelewa kulifunga likaudaka. Tulisikia sauti. Kila anayeshona anaijua ile sauti. Shubiri nzima ya dantela! Mama yake bibi harusi alinitazama, mimi nikatazama mti. Nilinunua nusu mita nyingine kwa fedha yangu, nikakesha usiku mbili nikichomeka maua ya dantela juu ya jeraha moja moja, na arusini hakuna aliyeona kitu. Lakini faida ya nguo ile ilikwenda yote na mwiba. Tangu siku hiyo hakuna tawi linaloruhusiwa kushuka chini ya bega langu, benchi nimelihamishia upande wa pili, na kioo kiko ndani. Kama barza yenu ni nyembamba, au ni njia ya watoto kukimbilia, chagueni kitu kisicho na miiba. Marakuja inatoa ua zuri ajabu, na tunda juu yake.

Jambo jingine dogo: inachafua. Kila asubuhi ninafagia zambarau. Ikikauka ni nyepesi kuliko karatasi, upepo wa mchana kutoka ziwani unaipeleka kwa jirani, na jirani anairudisha kwa maneno.

Nimejaribu pia kuzalisha, kwa kuwa kila mteja wa tatu anaomba tawi. Vipande sita, urefu wa shubiri, si vichanga sana wala si vikavu, kwenye changarawe na udongo, kivulini. Viwili vilishika, na hata hivyo ilichukua karibu miezi miwili kabla sijaona jani jipya. Vinne vilibaki vya kijani muda mrefu, vikinidanganya, huku chini hakuna kitu. Nikakumbuka chungu cheupe cha dola 35. Na nikaona kwamba dola 12 kwa mche wenye mizizi iliyojaa sashe si bei ya kubishania.

Mkiniuliza nyota, mama wa kitalu ninampa nne kati ya tano. Ya tano nimeikata kwa ajili ya simu, na kwa ajili ya yule kijana na samadi yake ya kuku. Rangi nimemsamehe kwa kuwa alikiri bila kuzungushazungusha. Nendeni asubuhi, kabla ya saa nne, mchana anakuwa ameshakwenda kwa wateja wenye mabustani makubwa ya kando ya ziwa. Msiende na haraka, na msiende bila kujua jua lenu linaingia saa ngapi, atawarudisha.

Mimi ninarudi Jumamosi. Daftari bado lina nusu bei yangu na nguzo ya kwanza iko wazi. Ninataka nyekundu, na mama ameshaniambia ziko mbili nyuma, zina mizizi mizuri, majani matupu. Nitachagua yenye mizizi, kama alivyonifundisha. Ila safari hii nitaiacha pale pale kwake, nimelipa, jina langu limefungwa kwa kipande cha kikwembe, mpaka itoe ua moja mbele ya macho yangu. Moja tu, halafu nitaita chukudu.